Kamera Uani kwa Kaltumu

Kuna nyumba moja chini ya Arua Hill, pale lami inapokatika na vumbi linapoanza, ambayo wanaume wa mtaa walikuwa wakipiga hodi wakiwa bado mbali nayo. Muuza maji alianza kukohoa tangu kwenye kona. Imamu mwenyewe, akija kumjulia hali mwenye nyumba, alisimama nje akaongea na mabati ya lango mpaka atoke mtu. Wote walijua kwamba ndani kuna wanawake, na kwamba wanawake wa humo ndani hawajajifunika.

Mwenye nyumba ni Kaltumu, mjane wa Abiriga aliyekuwa mwanajeshi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na sauti nzito ambayo kwenye simu watu huidhania ya mwanamume. Watoto wa mtaa wanamwita habuba, yaani bibi, hata wale ambao si Wanubi. Anafuga kuku anaowagombeza kutwa nzima kana kwamba ni wake wenza. Husuka kawa za kufunikia chakula, nyekundu, kijani na zambarau, rangi ambazo ukizitazama sana jua likiwa kali unaona nyota.

Lakini kazi iliyompa jina ni kuandaa mabibi harusi. Msichana akishachumbiwa na harusi ikikaribia, mama yake alimleta kwa Kaltumu, na tangu hapo hakutakiwa kuonwa na mwanamume yeyote asiye ndugu yake mpaka siku ya ndoa. Nyuma ya mikeka iliyosimamishwa kama ukuta, kulikuwa na shimo dogo ardhini. Humo ziliwashwa kuni za mti wenye harufu nzuri, moshi ukapanda taratibu, na msichana akaketi juu yake amezungushiwa blanketi, jasho likimchuruzika, mpaka ngozi inalainika na kunukia hadi siku kadhaa baadaye. Wanawake walimzunguka wakampaka hina. Waliimba nyimbo ambazo ingekuwa aibu mwanamume azisikie, wakamfundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule.

Harusi hazipo kila wiki, lakini wanawake walikuja hata pasipo harusi. Alasiri waliingia mmoja mmoja, na kila aliyeingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua kitambaa cha kichwa na kukitupa kwenye kamba, kama mtu anayetua mzigo. Ndipo maneno yakaanza. Humo ndimo mwanamke mmoja alimomtaja kwa mara ya kwanza mtoto aliyemzika njiani wakati watu wa West Nile walipokimbilia Sudan. Humo ndimo mwingine alimofunua mgongo, wenzake wakauona, na kesho yake, kwa ridhaa yake, mumewe akaitwa na wazee bila kujua nani amesema. Kulikuwa na ajuza mmoja aliyekuwa akija kucheza tu. Nje hata salamu aliitikia kwa shida, lakini humo ndani alicheza mpaka kuku wakakimbia.

Kaltumu hakuwa na elimu ya kuandika. Alichokuwa nacho ni hicho tu: kwamba kilichoonekana na kilichosemwa uani kwake hakikuvuka lango. Akina mama walimpa binti zao kwa sababu hiyo, na yeye mwenyewe, tangu Abiriga afariki, aliishi kwa sababu hiyo. Siku ambayo hakuna aliyekuja, hakula vizuri.

Ana mtoto mmoja tu, Kabiru, aliyezaliwa uhamishoni huko Sudan. Kaltumu alimzaa akiwa na homa kali, maziwa hayakutoka, na rafiki yake Hawah, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, akamchukua Kabiru akamnyonyesha kwa titi la pili. Kwa hiyo Kabiru ni mtoto wa Hawah pia, na watoto wote wa Hawah ni ndugu zake wa kunyonya, ambao hawezi kuwaoa na ambao hawalazimiki kujifunika mbele yake. Jambo hilo linajulikana mtaani kama jina la mtu.

Kabiru sasa ni mtu mzima, ni wakala wa forodha kule Oraba, mpakani na Kaya ya Sudan Kusini. Anashughulikia karatasi za malori. Ni mtoto mwema, na hilo lazima lisemwe mapema, maana yaliyotokea baadaye yanaweza kumfanya mtu afikiri vinginevyo. Alipiga simu kila siku. Alimjengea mama yake choo cha ndani. Wezi walipopanda ukuta wakachukua betri ya sola na masufuria makubwa ya harusi huku Kaltumu amelala, Kabiru alifika asubuhi yake akiwa na macho mekundu, na ndani ya gari alikuwa ameleta kamera.

Ilikuwa ndogo, nyeupe, mviringo kama yai la bata, na ilikuwa na kila kitu ndani yake. Ilikuwa na laini yake ya simu na kisola chake cha kuichaji. Iliona gizani. Iligeuza shingo yenyewe kufuata kitu chochote kinachotembea, na ilikuwa na kipaza sauti, ili Kabiru akiwa Oraba aweze kuongea na mwizi na kumtia hofu. Aliifunga juu, chini ya ukingo wa paa. Akamwambia mama yake inaangalia lango.

Mara ya kwanza ilipoongea, wanawake walikuwa wanabangua karanga. Sauti ikatoka ukutani: "Mama, umekunywa dawa?" Karanga zilimwagika. Mwanamke mmoja akaanza kusoma aya. Kaltumu aliinua uso kuelekea paa, akajibu kwa unyonge ambao hakuna aliyewahi kumwona nao, "Abiriga, unataka nini tena?" Kule Oraba, Kabiru alicheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi nacho kikatoka ukutani. Hadithi hiyo ilichekesha uani kwa muda mrefu.

Hata hivyo waliijadili kamera. Wengine hawakuipenda. Mwanamke anayeitwa Poni, Mkakwa na Mkristo aliyeishi Ediofe karibu na kanisa kuu, ndiye aliyeleta kuni za moshi kutoka kwa watu wake upande wa Koboko. Yeye alisema tu kwamba kitu kile kinampa kikohozi cha aibu, hajui kwa nini. Hawah ndiye aliyemaliza mjadala. Alijipiga kifuani akasema, "Kabiru alinyonya hapa. Macho yake ni macho ya mtoto yangu. Mtoto anaangalia mama yake, iko makosa gani?"

Hesabu ilikuwa sahihi kwa namna watu wale walivyozoea kuhesabu. Nani ni nani kwako, nani anaweza kukuona kichwa wazi na nani hawezi, hayo waliyajua kuliko majina ya mitaa. Wengi wao walikuwa wamemwosha Kabiru akiwa mchanga. Wakaizoea. Baada ya muda mtu akiingia aliisalimia kwa utani, "Kabiru, umeshindaje," kisha akavua kitambaa.

Ndipo zamu ya Nabila ikafika. Nabila ni mtoto wa mwisho wa Hawah, aliyechumbiwa na Isa, kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Koboko. Hawah alimleta kwa Kaltumu akiwa ameshikilia mkono wake kama mtoto wa chekechea, na Kaltumu alimpokea kama angepokea binti wa tumbo lake. Siku za moshi zilipita vizuri. Nabila alilalamika kwamba anaiva kama samaki, wanawake wakamwambia samaki asiyeiva hapelekwi mezani. Alikuwa na kovu la moto begani, la uji uliommwagikia utotoni, na Kaltumu alilipaka mafuta kila siku akisema kwamba Isa atalipenda kuliko uso.

Harusi ilikuwa imekaribia sana shangazi wawili wa Isa walipotoka Koboko wakafika nyumbani kwa Hawah. Hawakukaa vizuri kwenye viti. Walisema kuna maneno yamesikika. Dereva mmoja wa malori, anaitwa Yasiri, alikuwa anakunywa chai na vijana wa Koboko akamtania Isa mbele yao wote: kwamba bibi harusi wake ni mzuri, na lile kovu la begani halimharibii kitu. Isa alikuwa hajawahi kuliona bega la Nabila. Alikuwa hajawahi hata kuziona nywele zake. Sasa shangazi walitaka kujua Yasiri aliliona wapi.

Nabila, aliyekuwa amerudishwa kwa mama yake baada ya siku za moshi, aliapa akalia. Hawah aliapa. Jioni ile wanawake walikusanyika uani kwa Kaltumu, na kwa mara ya kwanza tangu ua ule uwepo wakaanza kutazamana. Mwanamume hakuingia, hilo lilikuwa wazi. Basi ni maneno yaliyotoka, na maneno hutolewa na mtu. Nani alienda Koboko wiki ile? Poni alienda, kuchukua kuni. Nani si wa kwetu? Hakuna aliyelisema swali hilo la pili kwa sauti.

Poni alipokuja na mzigo wake wa kuni kichwani, Kaltumu alimkuta langoni. Akamwambia aache kuni nje.

"Mama Kaltumu," Poni akasema, "mimi sikuongea na mutu."

"Acha hapo tu. Mtoto atakuja kuchukua."

Poni aliziteremsha polepole, akazipanga vizuri ukutani kijiti kimoja kimoja kana kwamba alikuwa bado ndani, akaondoka. Kamera ilimfuata mpaka lango lilipofungwa.

Ndoa ilikuwa inayumba. Kama ndoa ingevunjika kwa sababu ya kitu kilichotoka uani kwake, Kaltumu alijua hakuna mama angemletea binti tena, na hata wale wa alasiri wangetafuta pa kwenda. Kesho yake alivaa vazi lake jeupe la safari akapanda gari la Koboko. Alikwenda kwa shangazi wa Isa akaapa mbele yao kwamba hakuna mwanamume aliyekanyaga ndani ya ua wake. Walimsikiliza kwa heshima. Walimpa chai. Kisha mkubwa wao akamuuliza kwa upole, basi Yasiri alijuaje? Hapo ndipo Kaltumu alipokumbuka kwamba anaye mtoto anayewajua madereva wote wa njia ile. Kabiru angempata Yasiri. Kabiru angembana mpaka amtaje aliyemwambia. Akachukua boda mpaka Oraba, akiwa ameshikilia kitambaa chake kwa meno kwa sababu ya upepo.

Alikuwa hajawahi kufika ofisini kwa mtoto wake. Ilikuwa kontena lililopakwa buluu kando ya barabara, malori yamepanga foleni mbele yake, vumbi, muziki, wabadilisha fedha wameketi kwenye viti vyao vya plastiki na mabunda yao. Ndani ya kontena kulikuwa na feni, meza, na mabenchi ambayo madereva hukaa wakisubiri karatasi. Kabiru hakuwepo, alikuwa ameteremka kwenye kizuizi cha barabara kwa ajili ya lori moja. Wanaume waliokuwa ndani waligeuka kumtazama, na kabla hajatoa salamu, mzee mmoja mrefu mwenye kofia alisimama, uso ukamchanua kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea.

"Ah, ni Mama mwenyewe," alisema. "Karibu, Mama. Toka hapo, nyinyi, mama ya Kabiru akae."

Kaltumu aliketi. Mzee alisema anaitwa Santino, anabadilisha pesa hapo, ni rafiki wa Kabiru. Akauliza habari za Arua. Akauliza habari za kuku, yule mwekundu bado ni mkorofi? Kaltumu alijibu kwamba bado ni mkorofi, akijiuliza Kabiru ana muda gani wa kuwaeleza watu habari za kuku. Kisha Santino akainamisha kichwa, akasema kwa huruma ya kweli, "Na mguu imepona? Ile siku ulianguka karibu na jiko, sisi hapa tulisikitika sana. Ulikaa chini saa mingi."

Kaltumu hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba alianguka. Aliinuka peke yake siku ile, akajipangusa, akashukuru Mungu hakuna aliyeona.

Alitazama kule ambako macho ya Santino yalikuwa yanaelekea kila mara. Juu ukutani, mahali ambapo watu wengine huangalia mpira, kulikuwa na televisheni kubwa. Kwanza hakuelewa. Aliona ukingo wa paa, ardhi iliyofagiwa, vitu vidogo vinavyotembea ambavyo vilikuwa kuku. Aliona kamba ya nguo, na juu ya kamba gauni lake la ndani, la rangi ya waridi, alilolianika asubuhi kabla ya kuondoka. Aliona mikeka, lakini kutoka juu mikeka haikuwa ukuta tena. Ilikuwa mstari mwembamba, na upande huu wa mstari na upande ule vyote vilionekana sawasawa.

Lango la kwenye televisheni likafunguka. Hawah akaingia.

Alikuwa peke yake. Aliita, mdomo ukafunguka na kufungika, kwa kuwa sauti ilikuwa imezimwa. Aliona hakuna mtu. Basi akavua kitambaa, akakitupa kwenye kamba, akaketi chini kwenye mkeka. Nywele zake zilikuwa nyeupe karibu zote. Kaltumu ndiye aliyemsuka wiki iliyopita. Hawah akaweka mikono usoni na mabega yakaanza kutikisika.

"Huyo mama analia tena," dereva mmoja kijana alisema, akitafuna muhogo. Hakusema kwa ubaya. "Toka juzi analia."

"Ni mambo ya harusi," mwingine akajibu. Alijua.

Kabiru akaingia wakati huo akiwa na karatasi mkononi, akamwona mama yake kwenye benchi, akafurahi, halafu akauona uso wake na furaha ikamtoka. Alianza kueleza kabla hajaulizwa. Simu yake inalia kutwa, hawezi kuiangalia picha kila saa, kwa hiyo aliiweka kwenye televisheni, na hawa ni watu wake, wazee wake, aliwaomba wamwangalizie mama. Mtu akipanda ukuta mmoja wao atamwita. Na kweli walikuwa wanaangalia, hakuna siku waliyoacha. Siku za moshi alikuwa anazima, Wallahi alikuwa anazima. Isipokuwa siku moja alivuka kwenda Kaya, lori lilikwama huko, akasahau.

"Siku gani?" Kaltumu aliuliza.

Kabiru alitazama sakafu. Kaltumu hakuwa tena na haja ya kumuuliza habari za Yasiri.

Kwenye televisheni Hawah alikuwa amejilaza ubavu. Nguo ilikuwa imempanda mguuni. Wanaume wote kontenani walikuwa wameacha kutazama, kila mmoja alikuwa ameshughulika na simu yake au vidole vyake, lakini picha ilikuwa bado pale, kubwa, inang'aa.

"Iko namna naweza kuongea na yeye?" Kaltumu akauliza.

Kabiru aligusa simu yake akamsogezea. Kaltumu aliishika kwa mikono miwili, mbali na uso, kama sahani ya kitu cha moto.

"Hawah," alisema. "Jifunike. Wanaume wanakuona."

Hawah aliruka. Alitazama lango, akatazama nyuma ya mikeka, akageuka huku na huku akimtafuta Kaltumu. Kisha akainua uso taratibu mpaka macho yake yakawa yanatazama moja kwa moja ndani ya kontena. Alikaa hivyo. Halafu akaenda kwenye kamba akachukua kitambaa, akajifunga, akatoka. Kamera iligeuza shingo ikamfuata mpaka langoni.

Mambo mengine yalikwisha vizuri, kama watu wanavyosema. Kabiru aliwapigia simu shangazi wa Isa akawaeleza yote bila kujificha, na wao, ambao hawakuwa watu wabaya, walisema aibu si ya Nabila. Harusi ilifungwa. Ilikuwa ndogo na ya haraka, bila nyimbo za wanawake, kwa kuwa hakuna aliyejisikia kuzianzisha, na Nabila akaenda Koboko akiwa amejifunika mpaka viganja. Kabiru alileta mbuzi akamwomba radhi mama yake wa pili. Hawah alimshika kichwa akamwambia, "Wewe ni mtoto yangu, mimi sina maneno na wewe," na alimaanisha. Kabiru aliing'oa kamera kwa mkono wake, akaziba matundu ya skrubu kwa saruji, na televisheni ya Oraba ikarudi kwenye mpira.

Kaltumu alikwenda Ediofe kwa miguu, ingawa mguu ulimuuma, akamwomba Poni msamaha mbele ya watoto wake. Poni alimkaribisha, akamsongea kalo, ugali wa wimbi, akamfungia mbegu za simsim za kwenda nazo. Alisema amesamehe, yamepita. Lakini kuni, alisema, sasa amezoea kuziuza pale kwenye barabara ya kanisa, ni karibu na kwake. Kaltumu akasema ni kweli, ni karibu.

Na wanawake walirudi. Hilo ndilo lililomchanganya Kaltumu mwanzoni. Kabiru akipiga simu akiuliza, "Wanakuja?" alijibu wanakuja, wala hakuwa anadanganya. Waliingia alasiri kama zamani, wakaketi kwenye mikeka ileile. Waliongea kuhusu bei ya nyanya. Waliongea kuhusu mvua iliyochelewa, kuhusu barabara, kuhusu mtoto wa fulani aliyefaulu mtihani. Yalikuwa maneno ya kuongelea dukani, mbele ya mtu yeyote. Walisifu kawa zake. Vitambaa vilibaki vichwani hata siku za joto la Februari, jasho likiwashuka mashavuni, na mtu akinyoosha shingo kidogo, macho yake yalipita haraka kwenye pembe za paa, kisha kwenye simu za wenzake zilizolala juu ya mkeka, kisha yakarudi kwenye nyanya. Yule ajuza aliyekuwa akicheza alikuja mara moja, akakaa, akaondoka.

Kaltumu alijaribu. Alianza mwenyewe kuvua chake. Aliketi na nywele wazi katikati ya wanawake waliojifunga, na akajiona kama mtu aliyekuja uchi msibani, akakirudisha.

Hakuna binti aliyeletwa tena. Hakuna aliyekataa, wala hakuna aliyesema neno. Harusi zilifanyika, na Kaltumu alialikwa zote, akapewa kiti cha mbele.

Siku moja Hawah alikuja mapema kabla ya wengine. Alikaa karibu sana na Kaltumu, goti kwa goti, kama walivyokaa wakiwa bado vijana kambini kule Sudan. Aliongea kuhusu Nabila, kwamba Isa anamtunza, kwamba pengine kuna habari njema inakuja. Kisha akaingiza mkono ndani ya nguo yake kwapani, akaushikilia hapo.

"Kaltumu," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Iko kitu hapa kwa mwili yangu."

Macho ya Hawah yalikuwa yameangukia simu ya Kaltumu, kisimu kidogo cha vitufe kisicho na kamera wala chochote, kilichokuwa juu ya mkeka kati yao. Kaltumu aliliona hilo. Aliinuka haraka, akakichukua, akakipeleka chumba cha ndani, akakifukia chini ya mto, akafunga mlango wa chumba, akarudi.

Hawah alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa anatafuta ndala zake kwa vidole vya mguu.

"Sema, dada yangu. Hakuna mtu."

"Ni kitu ndogo tu," Hawah akasema. "Itaisha. Nikiona haiishi, nitaenda hospitali."

Miaka yote Hawah aliingia na kutoka katika nyumba ile bila kuaga, kama mtu wa nyumbani. Siku ile aliaga. Kaltumu alimshika mkono, akamsindikiza mpaka langoni kama mgeni, akasimama nje barabarani kumtazama akienda, mpaka muuza maji akapita, akamsalimia, akamuuliza kama leo atahitaji maji.